Mshale Hauoni Vilele

Mudaka, ukiwa njiani kutoka Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, kazi ya sauti hufanyika chini ya mabati: kanisani, kwenye ukumbi wa mikutano, kwenye chumba kidogo kilichogeuzwa studio. Fundi huja asubuhi kabla watu hawajafika, husema "allo, allo" kwenye mikro, hurekebisha mpaka mshale wa mikseri usimame kwenye sufuri, kisha huondoka ameridhika. Mchana mvua inaanza kupiga mabati, kwaya inapaza sauti ili isizidiwe, na kwenye bafle unatoka mkwaruzo ambao asubuhi haukuwapo. Mshale bado uko palepale karibu na sufuri. Lawama huangukia spika, au waya, au umeme wa shirika la SNEL, na mara nyingi spika hubadilishwa bure. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba mara nyingi kosa liko kwenye chujio, yaani ile sehemu ya saketi inayogawa besi na trebo au inayonyanyua na kupunguza masafa fulani, na kwamba liko mahali ambapo hakuna aliyepima. Tena ni kosa linaloweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi kabla ya kuwasha chochote.

Tuanze na aina ya sauti yenyewe. Mlio wa filimbi una urefu mmoja: ukijua volti yake ya RMS, yaani kipimo cha nguvu yake ya wastani, unajua na kilele chake, ambacho hakizidi mara 1.41 ya hiyo RMS. Mvua juu ya mabati haiko hivyo. Kila tone linapiga kwa wakati wake bila kushauriana na jingine, na kinachofika kwenye mikro ni jumla ya maelfu ya mapigo yasiyojuana. Makofi ya umati ni hivyohivyo, soko likichangamka ni hivyohivyo, na hata kwaya kubwa hukaribia hapo, maana waimbaji 36 wanaoimba kwa nguvu sawa hawatoi volti mara 36 ya mmoja, hutoa takriban mara 6, ambayo ni kipeuo cha pili cha idadi yao. Sauti za namna hii nitaziita mvumo. Tabia yake ni kwamba mara nyingi sehemu zake hufutana, lakini mara mojamoja nyingi hukutana upande mmoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hapo kinatokea kilele kirefu kupita vyote ulivyozoea kuona. Kilele hicho ni sehemu ya mvumo wenyewe. Fundi anayekichukulia kama ajali amekwisha kukosea hesabu.

Kirefu kiasi gani, na mara ngapi? Swali hili lilijibiwa vizuri na Stephen O. Rice wa Bell Labs, Marekani, katika kazi aliyoitoa kwa sehemu mwaka 1944 na 1945. Jibu lake linafaa kuandikwa ukutani kwenye karakana. Chukua mvumo uliotandazwa sawasawa mpaka hezi 15,000, upana uleule wa sauti ya redio ya FM. Vilele vinavyopita mara 4 ya RMS, juu au chini, vitatokea karibu mara 6 kila sekunde. Vinavyopita mara 5 vitatokea karibu mara 1 kila sekunde 15. Vinavyopita mara 6, karibu mara 1 kwa saa. Vinavyopita mara 7, karibu mara 1 kwa mwezi, tena kama mvumo huo haupumziki usiku na mchana. Anayeacha nafasi ya mara 1.41 tu, kama aliyepimia filimbi, anakata vilele bila kukoma. Anayeacha mara 3 bado anakata mara nyingi kila sekunde, na sikio hulisikia hilo kama mkwaruzo, hasa kwenye trebo. Ndiyo maana kipimo ninachopendekeza ni mara 5 kwa mvumo mpana, na mara 4 kwa njia ya besi, kwa kuwa besi huenda polepole: mvumo uliochujwa usipite hezi 100 hufika mara 4 ya RMS yake karibu mara 1 tu kila sekunde 26.

Wapo mafundi, hasa waliosoma vizuri, watakaosema hesabu hii haina mwisho: kama mvumo hauna dari, kwa nini tusimame kwenye 5 na si 8 au 10? Hoja ni ya haki, lakini inasahau jinsi idadi inavyoporomoka. Kutoka mara 5 kwenda mara 6 unalipa desibeli 1.6 tu, na unahama kutoka kilele cha kila robo dakika kwenda kilele cha kila saa. Dari halipo, kweli, lakini baada ya 5 au 6 kila hatua ndogo unayopanda inanunua muda mrefu kuliko ibada yoyote. Na kilele kimoja kinachokatwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde, mara 1 kwa saa, hakuna sikio litakalokilalamikia. Tunachokimbia ni kile kinachojirudia.

Sasa mshale. Kipimo chake kiitwacho VU, kilichokubaliwa na kampuni za redio na simu za Marekani mwaka 1939, kimetengenezwa makusudi kiwe kizito: kinahitaji milisekunde 300 kufika mahali pake. Kinaonyesha wastani, na kwa kazi hiyo ni kizuri, lakini kilele cha mvumo huja na kuondoka kabla mshale haujatikisika. Multimita ya bei rahisi ina hila mbili zaidi. Kwanza, hupima wastani halafu huuzidisha kana kwamba umepima filimbi, na kwa mvumo jibu hutoka pungufu kwa kama asilimia 11. Hilo hurekebishika: zidisha usomaji kwa 1.13. Pili, na hili ni baya zaidi, nyingi kati yake husoma vizuri masafa ya umeme wa nyumbani, lakini hupoteza ukweli mapema kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo mvua ya mabati, ambayo nguvu yake nyingi iko juu, husomwa kama manyunyu. Osiloskopu ni bora, ila nayo inahitaji macho yenye subira. Ukitazama ule utepe mpana wa mvumo kwenye kioo na kusema "unaanzia hapa mpaka pale", kwa kawaida umeona upana wa kama mara 6 au 6.6 ya RMS kutoka chini mpaka juu, yaani mara 3.3 tu kila upande. Vilele vya mara 5 vimepita mbele yako vikiwa hafifu mno kuonekana. Kwa hiyo gawa upana huo kwa 6.6 upate RMS, kisha zidisha kwa 5. Usiuchukue ukingo wa utepe kuwa ndio kilele.

Mpaka hapa tumezungumzia kinachoingia. Kinachonisukuma kuandika ni kinachotokea ndani. Chukua redio ya FM, kwa kuwa tangu Radio Maendeleo ianze Bukavu mwaka 1993 mkoa umejua thamani ya redio ya wananchi, na mitambo midogo huhudumiwa na mafundi wanaotengeneza pia ampli za makanisa. Kabla sauti haijarushwa, kuna hatua inayonyanyua trebo, ambayo kwetu na Ulaya hupimwa kwa mikrosekunde 50. Huanza kunyanyua karibu na hezi 3,200 na kufikia mara 4.8, yaani desibeli 13.7, kwenye hezi 15,000. Sauti ya mtangazaji nguvu yake nyingi iko chini ya hezi 1,000, kwa hiyo hatua hii karibu haimgusi, isipokuwa kwenye "s" na "sh". Ndiyo maana upimaji wa "allo, allo" hauonyeshi chochote. Mvumo uliotandaa sawasawa mpaka hezi 15,000, kwa upande wake, unatoka hapo ukiwa mara 2.9 ya ulivyoingia.

Tufanye hesabu yenyewe. Kiwango cha kazi ni kile cha +4 dBu, volti 1.23 za RMS. IC za kukuza zinalishwa volti 15 juu na 15 chini, na kwa usalama tuseme hutoa volti 12 kila upande kabla hazijakata. Kwenye mlango wa kuingilia, 1.23 mara 5 ni volti 6.1, kwa hiyo nafasi ipo tele. Baada ya kunyanyua trebo, RMS ya mvumo ni volti 3.6, na vilele vyake ni karibu volti 18. IC haina volti 18 za kutoa. Inakata. Halafu mbele ya hatua hiyo kuna kipunguzi kinachoshusha kila kitu, na ukipima mwishoni unakuta volti za kawaida, mshale umetulia, na mkwaruzo umo ndani yake kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi. Dawa ni kushusha kiwango kabla ya kunyanyua, si baada yake. Desibeli 3.4 ni kiasi cha chini kabisa, mimi ningeweka 6, kisha ningerudisha nguvu hatua za mbele. Kama mtambo unaishi kwa betri ya volti 12 na IC zake zinatoa volti 4.5 tu kila upande, hesabu hiyohiyo inasema usipitishe volti 0.31 za RMS kwenye mlango wa hatua hiyo. Si kidogo mno. Ni ndogo tu kuliko mazoea.

Hali hii hukua zaidi kwenye machujio makali, yale yenye Q kubwa, ambayo hutumika pale unapotaka mpaka mkali kati ya kinachopita na kinachozuiwa. Kwenye FM ya stirio, kwa mfano, sauti lazima ikatwe baada ya hezi 15,000 ili isiguse mlio wa kuongoza wa hezi 19,000. Chujio kali hujengwa kwa vipande viwili vitatu vinavyofuatana, na kipande kimojawapo hupaza masafa yaliyo karibu na mpaka, halafu kingine huyapooza. Tuseme kipande kina Q ya 5 kwenye hezi 12,000, na kinaingiziwa mvumo uliotandaa mpaka hezi 20,000. Ukikipima kwa mlio wa hezi 1,000 wenye volti 1.23, kilele ndani yake ni volti 1.7, na fundi anatabasamu. Ukikipima kwa mlio wa hezi 12,000 wenyewe, kilele ni volti 8.7, na bado anatabasamu kwa sababu haijafika 12. Ukikiingizia mvumo wa RMS ileile, RMS ya ndani inakuwa mara 2.2, na vilele vya mara 5 vinafika volti 13.3. Mlio hukuzwa kwa Q nzima. Mvumo hukuzwa kwa kipeuo cha pili cha Q tu, ukiongezwa au kupunguzwa na uwiano wa masafa ya chujio na upana wa mvumo. Lakini mvumo unakuja na ile mara 5 yake, mlio unakuja na 1.41. Ukisahau upande mmoja utaogopa bure, ukisahau wa pili utakata bila kujua. Kwa hiyo panga vipande vyenye Q ndogo vitangulie, vyenye Q kubwa vije mwisho, ili mvumo ufike kwenye kile kikali ukiwa umekwisha kupunguzwa makali. Michoro mingi inayozunguka kutoka fundi hadi fundi haijali mpangilio huu.

Kuna jibu ambalo limeenea sana, nalo ni kwamba limita iliyowekwa mwanzoni inamaliza habari yote: kama hakuna kinachozidi volti fulani kuingia, hakuna kitakachozidi kutoka. Si kweli, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mawimbi yaliyokatwa yakawa bapa yanashikilia umbo hilo kwa msaada wa masafa ya juu. Chujio likiyaondoa masafa hayo, wimbi la mraba la volti 1 linabaki wimbi laini lenye kilele cha volti 1.27. Chujio la kupitisha trebo ni jeuri zaidi: mraba wa volti 1 juu na 1 chini unaweza kutoka na vilele vya volti 2, kwa sababu kila mruko ni wa volti 2 nzima na chujio limekwisha kurudi sufuri kabla ya mruko unaofuata. Na mvumo uliokatwa bapa kabisa, ukipita kwenye chujio jembamba, hutoka na vilele karibu kama vya mvumo ambao haukukatwa kamwe, maana chujio huchanganya upya vipande vingi vya zamani na kujumlisha. Limita inalinda kilichoko mara baada yake. Iliyowekwa mwanzoni haimlindi aliyeko mwisho, na kwenye FM, ambako mtambo hauruhusiwi kupita mchepuko wa kilohezi 75, ni lazima ulinzi mwingine uwepo baada ya chujio la mwisho.

Wengine watasema basi tushushe kila kitu kwa desibeli 20 tulale usingizi. Ukitazama kelele za vipuri vyenyewe, wazo halionekani baya: IC ya kawaida kama TL072 huongeza kama mikrovolti 2 kwenye upana wa hezi 15,000, na rezista ya kilo-omu 10 kama mikrovolti 1.6, vitu visivyosikika chini ya volti 1. Lakini mazingira yetu si maabara. Jenereta ya jirani, inveta ya sola, chaja inayowasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, waya mrefu usio na ngao uliopita juu ya dari: hivi huingiza milivolti, si mikrovolti. Ukishusha desibeli 6 pale hesabu inapodai, hutasikia tofauti. Ukishusha 20 kila mahali, umeondoa mkwaruzo ukaleta mngurumo, na waumini hawatakushukuru kwa lolote kati ya hayo mawili. Thamani ya kukadiria ni kwamba inakuonyesha ni hatua ipi inahitaji kushushwa na kwa kiasi gani, nyingine ziachwe.

Pamoja na hayo, mara 5 ina mipaka yake, na jirani yetu Lwiro anaifahamu mipaka hiyo. Kituo cha utafiti cha Lwiro, mrithi wa taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, husikiliza ardhi kwa vipima mitetemo, na kinachoingia humo siku nyingi ni mvumo: upepo, ziwa, magari, volkano zilizo kaskazini. Kwa mvumo huo kanuni ya Rice inafaa kabisa. Lakini tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga eneo la Bukavu na ng'ambo ya Rwanda, hapakuwa na mara 5 wala mara 7 ya mvumo wa jana ambayo ingelitabiri. Ni kitu kingine kilichoingia. Kwenye sauti, mikro iliyoanguka, mkono uliofunika kichwa cha mikro, radi, ni vitu vya jamii hiyo. Kwa hiyo usipime RMS kwa wastani wa saa nzima. Pima dakika yenye kelele kuliko zote, mvua na kwaya pamoja, kisha zidisha. Na kwa yale yasiyo mvumo, swali halitakuwa tena "litakata?", maana litakata tu, bali "litarudi lini?" Kapasita ya mikrofaradi 10 iliyo na rezista ya kilo-omu 100 huhitaji sekunde 1 kuanza kutulia baada ya kusukumwa pembeni, na katika sekunde hiyo yote inayofuata inapita ikiwa imepinda. Chujio la Q 10 la kuzuia mngurumo wa hezi 50 huendelea kulia kwa milisekunde 60 na zaidi. Tumia kapasita ndogo kadiri besi inavyoruhusu, na Q ndogo kadiri kazi inavyoruhusu.

Limebaki jambo la kujaribu, maana hesabu bila jaribio ni nusu ya kazi. Mashine ya kutoa mvumo ni ghali, lakini redio ya FM iliyowekwa mahali pasipo na kituo hutoa mvumo mzuri bure, mradi isiwe ya aina inayojinyamazisha yenyewe. Trebo yake imepunguzwa na redio kwa ileile kanuni ya mikrosekunde 50, kwa hiyo ukiipitisha kwenye hatua ya kunyanyua trebo itarudi kuwa pana. Kwa machujio mengine inyanyue kwanza. Usitumie mvua uliyoirekodi kwa simu, kwa kuwa simu ina limita yake ndani na imekwisha kukata vilele unavyovitafuta. Ingiza mvumo kwa RMS ile ya dakika yako yenye kelele, kisha weka ncha ya osiloskopu kwenye mguu wa kutolea wa kila IC, moja baada ya nyingine, hata zile zilizo katikati ambazo hakuna waya unaotoka kwenda nje. Kaa angalau dakika 1 kwenye kila mguu. Kama osiloskopu ina uwezo wa kubakiza alama kwenye kioo, uuwashe. Popote unapoona ukingo wa juu umenyooka kama umepigwa rula, hapo ndipo pa kushusha, na kiasi cha kushusha kiko tayari kwenye karatasi yako.